Rubani anavyotolewa mchezoni kokpiti na jinsi ya kurudi kabla ndege haijakuponyoka: mwongozo kamili

Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972 ndege ya Eastern Air Lines namba 401, Lockheed TriStar mpya kabisa, ilikuwa inaingia Miami ikitokea New York. Wakashusha magurudumu, taa za kijani zikawaka isipokuwa moja, ya gurudumu la mbele. Kapteni akaghairi kutua, wakapanda mpaka futi 2,000, wakaweka otopailoti, mashine inayoiendesha ndege yenyewe, wakaelekea magharibi juu ya kinamasi cha Everglades ambako usiku ni giza tupu, hamna hata taa ya nyumba moja ya kukupa picha ya ardhi iko wapi.

Afu kokpiti nzima ikahamia kwenye balbu. Ofisa wa kwanza, yaani rubani msaidizi, ambaye ndo alikuwa anaendesha, akawa anahangaika na kifuniko cha ile taa kimekwama, kapteni anamwelekeza, injinia wa ndege katumwa chini kwenye chumba cha vifaa vya umeme akachungulie kama gurudumu limetoka kweli. Katikati ya hayo usukani ukasukumwa kidogo, inaelekea bila mtu kujua, otopailoti ikaachia kushika kimo, na ndege ikaanza kushuka taratibu mno, mwili hauhisi chochote. Kengele ya kimo ikalia mara moja na hakuna aliyeishughulikia. Muongozaji wa rada akaona wako futi 900, akauliza tu mambo yanaendaje huko, hakutaja kimo. Sekunde za mwisho kabisa ofisa wa kwanza anaanza kusema kuna kitu kimetokea kwenye kimo, bado tuko elfu mbili si ndiyo? Watu 101 walikufa. Magurudumu yalikuwa yametoka vizuri kabisa, kilichoungua kilikuwa balbu.

Mimi nafundisha wanaoanza urubani na hii ndo stori ya kwanza kuwapa kabla hata hawajagusa usukani, kwa sababu mtu akisikia "marubani walipoteza umakini" anawaza walikuwa wanapiga soga au wamelala. Kumbe mara nyingi walikuwa wanafanya kazi, tena kwa bidii. Kinachokutoa mchezoni kinakuja kimevaa sare: ni taa, ni simu ya redio, ni muhudumu anauliza swali la maana, ni karatasi inataka sahihi. Huwezi kuvikataa vyote. Ndo maana mwongozo huu sehemu kubwa hauhusu kuzuia, unahusu kurudi, maana ukiangalia ajali nyingi za aina hii utaona mtu hakuponzwa na kule kukatizwa, aliponzwa na namna alivyorudi kwenye kazi yake akidhani ameshaifanya.

Kwanza elewa kichwa chako kinavyokudanganya

Umeshawahi kupika mchuzi, ukataka kutia chumvi, mtu akagonga hodi, ukaenda kuongea naye dakika tano, ukarudi jikoni ukawa na uhakika kabisa chumvi umetia? Afu mezani watu wanatazamana. Ukweli ni kwamba kichwa kilishapanga kutia chumvi, na mpango ukikaa kichwani unafanana sana na kumbukumbu ya kitu ulichofanya, hasa kama ni kitu unachofanya kila siku. Rubani wa shirika anaweka flapsi, yale mabamba ya nyuma ya bawa yanayoisaidia ndege kuinuka, kwa ajili ya kuruka mara nne kwa siku. Ukimkatiza pale pale mkono unapokwenda kwenye leva, kichwa kinajaza pengo kwa picha ya jana na juzi. Anaona kabisa flapsi zimeshuka. Siyo uzembe, ni ubongo wa binadamu, na kapteni wa saa 20,000 anao huo huo kama wako.

Watafiti wa NASA wamelichimba sana hili na wakagundua kitu kimoja muhimu, kwamba kazi ya kokpiti inaandikwa kwenye vitabu kama mstari mmoja ulionyooka, hatua moja baada ya nyingine, ila siku yenyewe haiko hivyo hata kidogo, mambo yanaingiliana muda wote na rubani anabaki ameshika viporo vitatu vinne kichwani. Mshika mbili moja humponyoka, wazee walishasema.

Hatua ya 1: Punguza vya kupunguza ndege ikiwa bado imesimama

Karibu nusu ya vita inaisha hapa na watu wanapadharau. Fomu ya uzito, hali ya hewa, njia ya kuondokea, hesabu za spidi, simu ya mama, yote yaishe kabla gurudumu halijazunguka. Simu binafsi izimwe. Isiwekwe mtetemo, izimwe kabisa. Tarehe 27 Mei 2010 Airbus A321 ya Jetstar ikitoka Darwin kwenda Singapore ilikuwa inashuka kutua, simu ya kapteni ikaanza kulia lia meseji zinaingia, kapteni akawa anahangaika kuifungua ili aizime, ofisa wa kwanza anamwita hajibu. Magurudumu yakasahaulika. Wakaja kughairi kutua wakiwa chini ya futi 400 kutoka ardhini. Kila mtu alipona, ila jiulize meseji gani ingekuwa na thamani hiyo.

Na kama ranwei, njia ya kurukia, imebadilishwa mkiwa tayari mnatembea, simamisha ndege. Omba dakika mbili. Hakuna muongozaji atakayekula nyama yako. Agosti 16, 1987 pale Detroit ndege ya Northwest namba 255, MD-82, ilibadilishiwa ranwei wakati inatembea, marubani wakaanza kutafuta hesabu mpya huku wanatafuta njia uwanjani, wakaipita kona waliyoambiwa waingie, na kwenye vurugu hiyo cheklisti (orodha ya kukagua) ya kutembea ardhini haikusomwa kabisa. Flapsi hazikuwekwa. King'ora cha kuonya nacho hakikupata umeme, hakikulia. Watu 156 walikufa, wawili kati yao walikuwa chini barabarani, na ndani ya ndege alipona mtoto mmoja tu wa miaka minne.

Hatua ya 2: Kokpiti tulivu, na hesabu futi kwa akili

Septemba 11, 1974 ndege ya Eastern namba 212, DC-9, ilikuwa inatua Charlotte kwenye ukungu, marubani wanaongea siasa na magari ya mitumba mpaka wanakaribia chini. Wakapiga ardhi kabla ya ranwei, watu zaidi ya 70 wakafa. Baada ya ajali hiyo na nyingine za aina yake, mwaka 1981 Marekani ikatunga sheria ambayo sasa inafuatwa karibu dunia nzima: ndege ikiwa inatembea ardhini, inaruka, inatua, na muda wote iko chini ya futi 10,000 isipokuwa kama imetulia safarini, hamna stori wala kazi isiyohusu usalama wa ndege. Hamna kula, hamna magazeti, hamna kutangazia abiria mandhari.

Sasa sisi wa huku kuna kitu cha kuangalia. Uwanja wa JKIA Nairobi wenyewe uko futi zaidi ya 5,300 juu ya usawa wa bahari. Ukisema elfu kumi kutoka baharini, unabaki na chini ya futi elfu tano tu kutoka ardhini, na hapo unapanda kwa kasi, utamaliza ukimya wako wakati kazi bado imepamba moto. Kwa mimi, kwenye viwanja vya juu namna hiyo hesabu elfu kumi yako kutoka uwanjani. Ila kitabu cha kampuni yako kikisema vingine, fuata kitabu, mradi usitafute njia ya kukaa kimya kidogo kuliko kinachotakiwa.

Na kokpiti tulivu haimaanishi kokpiti bubu. Wahudumu wengine wanaiogopa hii sheria mpaka wanakaa na taarifa. Moshi, moto, barafu kwenye bawa, mlango, sauti ya ajabu, abiria mahututi, hivyo vinapigiwa simu muda wowote.

Hatua ya 3: Cheklisti ikikatizwa usirudi ulipoishia, rudi nyuma

Hapa nakaa kidogo maana hili lilinikuta mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi nilikuwa nakagua Cessna asubuhi, niko juu ya ngazi nimefungua kifuniko cha tanki la bawa la kushoto, nimeshachovya kijiti kupima mafuta, jamaa wa mafuta akaniita kutoka chini, rubani njoo usaini hapa. Nikashuka, nikasaini, tukaongea kidogo, nikarudi nikaendelea na bawa la kulia. Nimeshakaa kwenye kiti nafunga mkanda ndo namuona mwalimu wangu amesimama mbele ya propela, hasemi kitu, kashika kifuniko mkononi ananionyesha tu. Kilikuwa kimelala juu ya bawa. Ukiuliza siku ile ningekuapia kwamba nimekifunga. Ningeruka, hewa inayopita juu ya bawa ingenyonya mafuta yote nje mbele ya macho yangu.

Toka siku hiyo kifuniko hakitoki mkononi. Nikiitwa, nashuka nacho, nasaini kwa mkono mwingine, na yule jamaa anaona kabisa kwamba sijamaliza.

Kokpiti ya ndege kubwa ni hivyo hivyo, acha alama inayoshikika. Ukikatizwa katikati ya cheklisti weka kidole gumba kwenye mstari ulipofika na usikitoe. Kama lazima uachie mkono, ile kadi iweke juu ya leva za nguvu za injini, hapo huwezi kuruka bila kuigusa. Sema kwa sauti, "cheklisti imesimama kwenye flapsi", maana mwenzako naye akisikia kinakuwa kiporo cha watu wawili. Ukirudi, rudi mstari mmoja au miwili nyuma, na kama umekatizwa zaidi ya mara moja au umekaa muda mrefu, anza mwanzo kabisa. Itakula sekunde 40, acha izile.

Na ukisoma "flapsi", jicho liende kwenye leva na kwenye kipimo, yote mawili, afu ndo mdomo ujibu. Mdomo ukitangulia jicho umeshaumia. Madrid, Agosti 20, 2008, ndege ya Spanair namba 5022 ilifika mpaka ranwei ikarudi kwa ajili ya hitilafu ya kipimo cha joto la nje kilichokuwa kinapashwa moto ardhini, fundi akashughulikia, muda umeenda, joto la Agosti, wakarudi tena kuruka na haraka zao. Flapsi hazikuwekwa na king'ora hakikulia. Walikufa 154, wakapona 18. Ndo maana nasisitiza, ukirudi kutoka kwa fundi hiyo ni safari mpya, kila cheklisti kuanzia herufi ya kwanza hata kama ulishaifanya nusu saa iliyopita.

Hatua ya 4: Tatizo likitokea, swali la kwanza ni nani anaendesha

Kabla hujagusa swichi yoyote, kabla hujauliza "hii taa ni ya nini", mmoja atamke kwamba yeye anaendesha na mwingine akiri kwamba amesikia. Huyo anayeendesha kazi yake ni kimo, spidi na uelekeo, basi, hata kama tatizo linavutia namna gani na hata kama yeye ndo anaijua ile mashine kuliko mwenzie. Angekuwepo mtu mmoja wa hivyo kwenye ile TriStar, anatazama kimo tu, leo tusingekuwa tunaijua namba 401.

Mpangilio ni ule ule wa siku zote: rusha ndege, jua unaelekea wapi, afu ndo uongee. Redio ni ya mwisho. Muongozaji akikuita ukiwa katikati ya jambo zito mwambie asubiri, neno moja linatosha. Kwenye hili kuna ajali ambayo huwa inaniuma kila nikiisoma, ya British Midland pale Kegworth Uingereza, Januari 8, 1989, Boeing 737-400. Injini ya kushoto ilivunjika pangaboi, marubani wakazima ya kulia iliyokuwa nzima. Mtikisiko ukapungua, wakaamini wamepatia. Wakiwa wanashuka kapteni akaanza kurudia kwa sauti, hivi dalili tulizopata zilikuwa zipi hasa? Swali sahihi kabisa, swali ambalo lingeweza kuwaokoa. Redio ikaingilia na maelekezo, akajibu, na lile swali halikurudi tena. Watu 47 walikufa. Huku nyuma abiria waliona moto upande wa kushoto na wakamsikia kapteni akitangaza injini ya kulia, hakuna taarifa iliyofika mbele. Kwa hiyo ukiwa unapitia uamuzi mzito na ukakatizwa, andika lile swali kwenye karatasi ya pajani. Maneno mawili tu, "injini ipi", yatakuita urudi.

Hatua ya 5: Lipe tatizo muda, weka saa

Desemba 28, 1978, United 173 inaingia Portland, DC-8 yenye watu 189. Magurudumu yameshuka na kishindo, taa haieleweki. Kapteni akazunguka karibu saa nzima akitaka kila kitu kiwe sawa, wahudumu wamejiandaa, abiria wameelekezwa, kazi nzuri kabisa ya kujali watu. Mafuta yakaisha. Injini zikazima moja baada ya nyingine wakaanguka kwenye makazi ya watu, wakafa 10.

Kwa hiyo likitokea tatizo ambalo si moto wala kitu kilichokatika, sema saa na mafuta: "tunahangaika na hili mpaka saa nne na dakika kumi, au mafuta yakifika kiasi hiki, chochote kitakachotangulia tunaenda kutua." Weka kengele kama ipo. Mtu akizama kwenye tatizo muda unapotea kabisa, dakika kumi unaziona mbili, usiitegemee hisia.

Hatua ya 6: Otopailoti isome, usiiamini kwa mdomo

Hii inatuhusu moja kwa moja. Kenya Airways 507, Boeing 737-800, iliondoka Douala usiku wa kuamkia Mei 5, 2007 kuelekea Nairobi, hali ya hewa mbaya, giza. Kapteni akatamka kwamba otopailoti iwekwe, ila haikuwa imeingia. Kwa sekunde kama 55 hakuna aliyekuwa anaiendesha ile ndege, inainama polepole upande wa kulia, mpaka onyo la kuinama kupita kiasi linalia ndo wanashtuka, na kwenye giza lile hawakuweza kuirudisha. Wote 114 wakafa kwenye kinamasi cha mikoko. Tulikuwa na ndugu na majirani mle.

Ukibonyeza au ukiagiza ibonyezwe, jicho liende kwenye skrini iliyo mbele yako ambako hali yake inaandikwa, soma kwa sauti kilichoandikwa, siyo ulichotaka kiandikwe, mwenzako athibitishe. Mkono usiachie usukani mpaka hapo. Na kila mkihamisha macho kwenda kwenye kompyuta, rada ya hali ya hewa au karatasi, mmoja abaki juu, vichwa viwili visiiname pamoja.

Hatua ya 7: Kumwambia kapteni

Kwetu mkubwa hakatizwi, tumelelewa hivyo na ni malezi mazuri, ila kokpiti yanahitaji njia yake. Injinia wa United 173 alitaja mafuta, kwa upole, kama mtu anayesoma namba, halikuingia. Tumia ngazi. Kwanza jina la cheo na namba: "Kapteni, kimo futi 1,700, tulipangiwa 2,000." Kimya? Ongeza unachotaka: "Kapteni, tunashuka, napendekeza tupande sasa." Bado kimya? "Kapteni, nachukua ndege", na uchukue kweli. Heshima iko kwenye sauti na kwenye cheo unachotaja, siyo kwenye kungoja. Na wewe kapteni, kwenye maongezi ya asubuhi kabla ya safari waambie vijana wazi, nikizama kwenye kitu niiteni, nikikasirika niiteni tena.

Hatua ya 8: Safarini juu, ambako hakuna kinachotokea

Kule juu adui ni utulivu. Oktoba 21, 2009 Airbus A320 ya Northwest namba 188 ilipita Minneapolis, mahali pa kutua, ikaenda zaidi ya maili 100 mbele, zaidi ya saa nzima haijibu redio, marubani wote wawili wamefungua laptopu wanajadili mfumo mpya wa kupanga zamu. Muhudumu ndo alipiga simu kuuliza tunafika saa ngapi. Leseni zao zikafutwa, na Marekani ikaja kupiga marufuku marubani kutumia vifaa binafsi kokpiti kwa mambo yao. Hapa dawa ni ratiba: kila baada ya dakika chache kagua mafuta, njia, redio, injini, mmoja akila mwingine anaangalia. Na wageni wa kokpiti hapana, hata mtoto wako. Aeroflot 593 mwaka 1994 kapteni aliwakalisha watoto wake kwenye kiti, kijana akaushika usukani kwa nguvu mpaka sehemu ya otopailoti ikaachia bila kengele, wakafa 75.

Hatua ya 9: Ukishatua, andika

Ukikatizwa na ukakosea kidogo na hakuna aliyeumia, usilale nalo. Andika siku hiyo hiyo kabla kichwa hakijalainisha stori: ulikuwa unafanya nini, nani au nini kilikukatiza, ulikuwa mstari wa ngapi, ulirudije, nani aligundua. Peleka kwenye mfumo wa taarifa wa kampuni yako au chuo chako. Marekani wana mfumo wa hivi unaoendeshwa na NASA tangu 1976, rubani anatuma bila jina lake kutangazwa, na sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu kukatizwa imetoka kwa watu walioandika makosa ambayo hayakuua mtu. Kama kampuni inaadhibu kila anayeandika, wataandika wachache na makosa yatabaki pale pale yakisubiri safari nyingine.

Chuoni kwetu daftari liko mezani karibu na funguo za ndege. Ukurasa wa juu kabisa ni wa mwanafunzi wa juzi aliyesahau pampu ya mafuta baada ya kuitwa na mnara. Kabla hujachukua funguo unausoma, unatia sahihi pembeni, ndo unatoka.